Ushindi 105 wa Hamilton, 24 wa Fangio: rekodi za langalanga zisomwe vipi?

"Shikamoo mwalimu. Kwetu kila Jumapili ya langalanga, yaani Formula 1, ni ubishi. Kaka yangu anasema Lewis Hamilton ndiye dereva bora wa wakati wote kwa sababu ana ushindi 105 na hakuna mwingine aliyefika hapo. Mimi nilisoma kwamba Juan Manuel Fangio, yule Muargentina wa miaka ya 1950, alishinda karibu nusu ya mashindano aliyoingia. Kaka ananijibu kwamba enzi hizo walikuwa wanakimbiza matrekta, na wapinzani wenyewe wa kuokoteza. Hapohapo anageuka anasema siku hizi gari linajiendesha lenyewe, dereva kazi yake kukaa. Mwanangu wa miaka 9 anatusikiliza. Wiki mbili sasa anavaa helmeti ya pikipiki ya baba yake, anaifunga kamba yenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, halafu analaza kichwa kushoto na kulia, eti anakomaza shingo kama madereva. Juzi amelalamika shingo inauma. Rekodi hizi zisomwe vipi ili ubishi huu uishe? Na mtoto nimwache aendelee?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mawili. La mwisho ndilo lenye haraka, nami nitaanza nalo.

Mvulie mtoto hiyo helmeti leo. Helmeti ya pikipiki ya mtu mzima ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na maji uliyoyataja ni kilo moja na nusu nyingine. Hapo shingo ya mtoto wa miaka 9 imebebeshwa kilo tatu juu ya kichwa chake mwenyewe, na akilaza kichwa pembeni uzito huo unavuta zaidi, kama vile ndoo inavyokuwa nzito ukiishika kwa mkono ulionyooshwa. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake kuliko chetu, na mifupa, viungo na misuli ya shingo yake bado inakua. Madereva anaowaona kwenye televisheni ni watu wazima. Wana walimu wa mazoezi, wanatumia mipira ya kuvuta inayoongezwa ugumu kidogo kidogo kwa miaka, na wakiwa ndani ya gari kichwa kimezungukwa na mito maalumu, na mabegani wanavaa kola ngumu iliyounganishwa na helmeti kwa mikanda. Kola hiyo imekuwa lazima katika langalanga tangu 2003. Chupa ya maji na kamba havina lolote kati ya hayo.

Mimi ni mtu wa saa na kanuni za mashindano, si daktari, kwa hiyo sehemu ya tiba naiachia watu wake. Maumivu mepesi kwa kawaida hupungua kwa siku mbili tatu za kupumzika. Yasipopungua, au mtoto akishindwa kugeuza shingo, au akisema mkono unakufa ganzi au umelegea, au alianguka wakati wa hayo mazoezi, mpeleke hospitali akaonwe uso kwa uso. Na shingo ikikakamaa huku ana homa na kichwa kinamuuma, usisubiri kesho, nenda siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa shida nyingine kabisa isiyohusiana na helmeti.

Akikuuliza kwa nini unamzuia, msimulie habari za Fangio mwenyewe. Juni 1952 alikosa ndege, akaendesha gari usiku kucha kutoka Paris, akavuka milima ya Alps na kufika Monza nchini Italia muda mfupi tu kabla ya mbio kuanza. Akaingia kwenye gari bila kulala. Katika mzunguko wa pili gari likamtoka mikononi, akarushwa nje, akavunjika mfupa wa shingo. Msimu wote uliobaki hakuendesha. Huyo alikuwa tayari bingwa wa dunia na mtu wa miaka 40.

Na papo hapo tumeingia kwenye swali lako la kwanza. Msimu huo wa 1952, Fangio akiwa amefungwa plasta, Alberto Ascari wa Ferrari alishinda mashindano yote sita ya ubingwa aliyoshiriki Ulaya. Ukisoma rekodi ya Ascari bila kujua kwamba mpinzani wake mkubwa alikuwa kitandani, umesoma nusu ya habari. Simpunguzii Ascari sifa, maana alikuwa dereva wa ajabu. Ninachosema ni kwamba nambari ya rekodi haiji peke yake, inakuja na mazingira yake.

Sasa tuzichukue nambari zenyewe. Kaka yako anasema kweli: mpaka mwisho wa msimu wa 2025 Hamilton alikuwa na ushindi 105, na kabla yake rekodi ilikuwa 91 ya Michael Schumacher. Na wewe unasema kweli: Fangio alishinda 24 kati ya mashindano 51 aliyoanza, yaani asilimia 47. Hamilton, ukihesabu mpaka mwisho wa msimu wa 2024, alikuwa ameanza mashindano 356, na 105 kati ya hayo ni kama asilimia 29 na nusu. Jim Clark, Mskoti aliyefariki kwenye ajali Hockenheim Aprili 1968, alishinda 25 kati ya 72, kama asilimia 35. Kaka anatazama jumla, wewe unatazama mgawanyo, na kila mmoja anadhani mwenzake amekosea hesabu. Hakuna aliyekosea.

Tofauti hii inatokana na kalenda. Ubingwa wa dunia ulianza Silverstone, Uingereza, tarehe 13 Mei 1950. Mwaka 1955 ubingwa wote ulikuwa na mashindano saba tu, tena moja kati ya hayo ni lile la Indianapolis, Marekani, ambalo madereva wa Ulaya karibu wote hawakwenda. Mwaka 2024 yalikuwa 24. Maisha yote ya Fangio kwenye ubingwa, mashindano 51, ni misimu miwili na kidogo ya leo. Asingeweza kufikisha ushindi 105 hata kama angeshinda kila alipogusa usukani. Kwa hiyo anayetumia jumla peke yake kumpima mtu wa miaka ya 1950 anampima kwa kibaba kisichokuwepo wakati wake.

Lakini usishangilie mapema, dada yangu, maana asilimia nayo ina hila yake. Fangio alistaafu katikati ya msimu wa 1958. Hakukaa kusubiri gari bovu limshushie wastani. Hamilton alishinda Saudi Arabia Desemba 2021, kisha akakaa bila ushindi hadi Julai 2024 pale Silverstone, na kila Jumapili ya ukame huo ilimla asilimia yake bila kumpunguzia hata ushindi mmoja. Schumacher ni mfano ulio wazi zaidi. Alipostaafu mara ya kwanza mwaka 2006 alikuwa ameshinda karibu asilimia 37 ya mbio zake. Akarudi 2010 hadi 2012, akaendesha mashindano 58 bila ushindi hata mmoja, na asilimia ikashuka kama 30. Kurudi kwake hakukumfanya awe dereva duni katika ile miaka aliyokuwa akitawala. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia, muulize yule dereva aliacha lini.

Kuna jambo jingine ambalo kaka yako angelijua angelitumia dhidi yako, na ni heri ulisikie kwangu. Katika zile 24 za Fangio, mbili ni za kugawana. Enzi hizo kanuni ziliruhusu dereva ambaye gari lake limeharibika kuchukua gari la mwenzake wa timu katikati ya mbio, na pointi wanagawana. Ufaransa 1951 alichukua gari la Luigi Fagioli, na Argentina 1956 akachukua la Luigi Musso. Mwaka huohuo wa 1956, kwenye mbio za mwisho Monza, gari la Fangio lilipokwama, kijana Peter Collins, ambaye bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa, alisimama, akashuka na kumpa la kwake. Fangio akamaliza wa pili na ubingwa ukawa wake. Collins hakuwahi kuwa bingwa, na alifariki mbioni mwaka 1958. Kila nikilifikiria hilo tukio nabaki kimya. Siku hizi haliwezekani kikanuni, na sidhani kama kuna mkataba ungeliruhusu.

Na hoja ya matrekta na wapinzani wa kuokoteza? Hapana, hapo kaka amepotoka. Mwaka 1957 pale Nürburgring, Ujerumani, barabara ya karibu kilomita 23 inayopanda na kushuka msituni, Fangio alisimama kubadilisha matairi na kuongeza mafuta. Kazi iliyopangwa kuchukua nusu dakika ikaenda karibu dakika nzima. Akatoka akiwa nyuma sana ya Mike Hawthorn na huyohuyo Collins, vijana wa Ferrari, naye akiwa na miaka 46. Mzunguko baada ya mzunguko akawa anavunja rekodi ya barabara ile, akaivunja tena aliyoiweka yeye mwenyewe, akawapita wote wawili karibu na mwisho na kushinda kwa tofauti ya sekunde chini ya nne. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho, na siku hiyo akawa bingwa kwa mara ya tano. Mpaka leo hakuna aliyekuwa bingwa akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Halafu kuna pointi. Watu wengi wanadhani pointi ni pointi, kama mabao ya mpira. Sivyo. Mwaka 1950 mshindi alipewa pointi 8. Baadaye zikawa 9, kisha 10, na tangu 2010 ni 25. Ndiyo maana jumla ya pointi za maisha ya dereva wa leo haiwezi kulinganishwa na ya zamani hata kidogo, na rekodi ya Max Verstappen ya pointi 575 mwaka 2023 ukiiweka karibu na zile za Fangio utacheka. Lakini rekodi yake ya ushindi mwaka huo ni nzito kweli: mbio 19 kati ya 22, kumi kati ya hizo mfululizo. Hiyo ina maana hata ukiigawa.

Si ukubwa wa pointi tu. Kwa miaka mingi hata haikuwa ruhusa kuzihesabu zote. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, wote wakiwa timu moja, McLaren. Bingwa akawa Senna. Kanuni ya wakati ule ilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, na baada ya kuchuja, Senna alibaki na 90, Prost 87. Watu wanaposema Senna "aliiba" huwa nawaambia kanuni ilijulikana tangu mwanzo wa mwaka. Ukijua kwamba kushika nafasi ya pili mara nyingi hakutakusaidia, unaendesha kutafuta ushindi, na Senna alishinda mara nane, Prost saba. Kanuni zikibadilika, na uendeshaji unabadilika.

Ila kama kuna mwaka mmoja ningependa mtoto wako aujue, ni 1958, na mwisho wake ulikuwa Afrika. Stirling Moss, Mwingereza, alishinda mbio nne za ubingwa mwaka ule. Hawthorn, Mwingereza mwenzake, alishinda moja tu. Kule Ureno mwezi Agosti, Hawthorn aliteleza, gari likazimika, akalisukuma ili liwake huku limetazama upande wa kinyume. Wasimamizi wakataka kumwondoa kwenye matokeo kwa kosa la kwenda kinyume cha mbio. Moss, mpinzani wake wa ubingwa, alikwenda kumtetea: akasema aliona kwa macho yake, Hawthorn alikuwa pembeni, nje ya barabara ya mbio. Hawthorn akarudishiwa nafasi yake ya pili na pointi zake. Mbio za mwisho zilifanyika Casablanca, Morocco, mwezi Oktoba. Moss akashinda, Hawthorn akawa wa pili, na ubingwa ukaenda kwa Hawthorn kwa pointi 42 dhidi ya 41. Pointi moja. Moss alimaliza maisha yake ya mbio na ushindi 16 bila kuwa bingwa hata mara moja, na hakuna dereva asiye na ubingwa aliyeshinda mbio nyingi kama yeye. Ukitafuta jina lake kwenye orodha ya mabingwa, halimo. Kwangu mimi hilo pengo ndilo linalonifundisha kusoma orodha.

Casablanca ile ilikuwa na msiba pia. Stuart Lewis-Evans aliungua ndani ya gari lake na kufariki siku chache baadaye. Kama miezi mitatu baada ya mbio hizo, Hawthorn naye akafariki kwa ajali ya barabarani kwao Uingereza. Nakutajia haya kwa sababu yamo ndani ya rekodi ingawa hayaandikwi. Madereva wa enzi za Fangio hawakufunga mikanda, na mikanda haikuwa lazima katika langalanga hadi 1972. Jochen Rindt alikuwa bingwa wa 1970 akiwa amekwisha kufa, baada ya kupata ajali kwenye mazoezi ya Monza, na hakuna aliyeweza kuzifikia pointi zake. Katika zama zetu, dereva Romain Grosjean aliugonga ukingo wa chuma Bahrain mwaka 2020, gari likakatika vipande viwili na kulipuka moto, naye akatoka mwenyewe kwa miguu yake, mikono ikiwa imeungua. Ule upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva, ambao watu waliuchukia ulipoletwa mwaka 2018, ndio uliomkinga. Hamilton ameanza mashindano zaidi ya 350 kwa sababu ni hodari, na pia kwa sababu magari na viwanja vya siku zake vinamrudisha mtu nyumbani.

Niruhusu sasa niingie kwenye kazi yangu mwenyewe, ambayo ni muda. Nilipoanza kupima muda kwenye mashindano ya rally nilipewa saa ya mkononi ya kuhesabia sekunde, na tuliwekwa wawili wawili kila kituo. Gari linakuja, vumbi linatangulia, unasikia injini kabla ya kuona taa, unabonyeza. Siku ya kwanza mimi na mwenzangu tulitofautiana sehemu tatu za kumi za sekunde kwa gari lilelile. Hakuna aliyezembea. Jicho likiona, ubongo ukiamua, kidole kikibonyeza, sehemu kama mbili za kumi zimeshakwenda, na kila mtu ana zake. Tangu siku ile sijawahi kusoma rekodi ya muda bila kuuliza ilipimwa na nini.

Ndiyo maana swali rahisi kama "ni mbio gani zilimalizika kwa tofauti ndogo kuliko zote?" halina jibu rahisi. Vitabu vitakuambia Monza 1971: Peter Gethin alimshinda Ronnie Peterson kwa sekunde 0.01, na magari matano ya kwanza yalipita mstari ndani ya sehemu kama sita za kumi za sekunde. Kwa mwendo ule 0.01 ni sentimita kama 67 hivi, pungufu ya urefu wa mkono wako. Lakini mwaka 1971 walipima hadi sehemu ya mia tu. Indianapolis 2002, Rubens Barrichello alimshinda Schumacher kwa 0.011, na hiyo ilipimwa hadi sehemu ya elfu. Ile 0.01 ya Gethin ingepimwa kwa vifaa vya 2002 huenda ingesoma 0.009, au 0.014. Hatutajua kamwe. Rekodi imebaki kwa Gethin na sina ugomvi nayo, ila naujua udhaifu wake.

Sehemu ya elfu nayo ina mwisho wake. Jerez, Hispania, 1997, katika kutafuta nafasi za kuanzia, Jacques Villeneuve, Schumacher na Heinz-Harald Frentzen wote watatu walizunguka kwa dakika 1 na sekunde 21.072. Sawasawa kabisa, hadi tarakimu ya mwisho. Kwenye barabara ile sehemu moja ya elfu ya sekunde ni kama sentimita tano na nusu. Kanuni ikasema aliyeweka muda huo kwanza ndiye atangulie, na Villeneuve akatangulia. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna la kwetu: Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya, alimaliza siku zote zile za tope na vumbi akiwa sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Kanuni ya kutenganisha sare ikampa Mehta. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano, na hiyo mitano ni rekodi ya Safari.

Rekodi za mwendo kasi nitazipita haraka, maana mara nyingi zinaisifu barabara kabla ya kumsifu dereva. Ile Monza ya 1971 ilikimbiwa kwa wastani wa kilomita 242 na ushei kwa saa, na ikakaa miaka 32 kuwa mbio za kasi kuliko zote. Sababu kubwa ni kwamba mwaka uliofuata waliweka kona za kupunguza mwendo. Schumacher aliivunja palepale Monza mwaka 2003 kwa wastani wa kilomita 247.6, na mwaka 2025 Verstappen akafika 250.7, tena palepale. Hutaona rekodi hiyo ikivunjwa Monaco, kwenye mitaa myembamba ya mji, hata aendeshe nani.

Tumalizie hoja ya gari kujiendesha, kwa sababu naona ndiyo inayomdanganya mtoto kwa namna nyingine. Mwambie kaka kwamba huenda gari alilopanda kuja kwenu lina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisikabe ukikanyaga ghafla. Gari la langalanga halina, zimepigwa marufuku tangu 1994. Mfumo wa kompyuta wa kuzuia matairi yasiteleze ukikanyaga mafuta nao umekatazwa tangu 2008. Mwisho wa barabara ndefu ya Monza dereva anatoka zaidi ya kilomita 330 kwa saa hadi chini ya 100 ndani ya sekunde zisizofika tatu. Mguu wake unakanyaga breki kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, na lazima aulegeze kwa hesabu jinsi mwendo unavyopungua, la sivyo tairi linakaba na kulika upande mmoja. Wakati huo mwili unavutwa mbele mara tano ya uzito wake. Kichwa na helmeti vyenye kilo sita vinakuwa kama kilo 30, na mivuto ya namna hiyo inajirudia kona baada ya kona, kwa zaidi ya saa moja. Kwenye joto la Singapore dereva anaweza kupoteza kilo tatu za jasho. Qatar mwaka 2023 Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti na kuendelea kuendesha, na Logan Sargeant alishindwa kabisa, akaliingiza gari na kuacha.

Siku hiyohiyo ya Qatar, mafundi wa McLaren walibadilisha matairi manne ya gari la Lando Norris kwa sekunde 1.80. Soma sentensi iliyotangulia kwa sauti, muda umekwisha. Watu wanadhani ni mashine. Ni mikono: kila gurudumu lina watu watatu, mmoja na bunduki ya kufungulia nati, mmoja anatoa, mmoja anaweka, na nati ni moja tu kwa gurudumu. Ongeza wa jeki mbele na nyuma na wanaolituliza gari. Kama watu ishirini, na wa polepole kuliko wote ndiye anayeamua rekodi.

Basi nani bora? Kwa wingi na kwa kudumu, ni Hamilton, kaka ameshinda. Kwa mgawanyo, ni Fangio, wewe umeshinda. Ukinibana niseme langu, mimi natazama mtu alishinda akiwa na magari mangapi tofauti. Fangio alitwaa ubingwa akiwa na Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati, na hakuna mwingine aliyeutwaa na timu nne. Kwa hiyo naegemea kwako. Lakini kaka akisema Fangio alikuwa mjanja wa kuhamia palipo na gari zuri, atakuwa na hoja, na mimi sitambishia sana, kwa kuwa kuchagua gari nako ni sehemu ya kazi.

Kuhusu kijana, hamu yake usiizime. Hamilton alianza na gokati akiwa na miaka 8, na Jody Scheckter wa Afrika Kusini, bingwa wa 1979, bado ndiye Mwafrika pekee aliyeutwaa ubingwa huo. Ila njia hiyo ni ya gharama, nisikufiche: baba yake Hamilton alilazimika kufanya kazi zaidi ya moja. Kabla ya kununua chochote, nenda naye kwenye chama cha michezo ya magari cha nchi yako, uliza uwanja wa gokati ulio na wasimamizi, ukauone kwa macho. Tazama kama kuna helmeti za saizi ya watoto, kama kuna mtu wa huduma ya kwanza, na kama magari ya watoto yanatenganishwa na ya wakubwa. Ukikosa kimojawapo, rudini nyumbani. Na asianze mpaka shingo ipone kabisa.

Jumapili ijayo mpe simu yenye saa ya sekunde, na mjomba wake mpe nyingine. Wachague gari moja, wapime mzunguko mmoja kila mtu kivyake, waandike bila kuonyeshana, halafu walinganishe na muda unaotokea kwenye televisheni. Wakitofautiana, mtoto aandike tofauti hiyo kwenye daftari, na wapime tena mzunguko unaofuata.